Maswali ya Wasomaji: Dawa ya Mzio Ninayo, Mbona Chafya Haziishi?

Swali: Daktari, shikamoo. Nyasi zinapochanua napiga chafya mfululizo, pua inaziba na macho yanawasha hadi yanavimba. Safari hii nimepewa steroidi ya kupuliza puani. Nimeitumia siku tatu sijaona nafuu, nikarudi kwenye vidonge. Je, dawa hii ni feki?

Jibu: Marahaba. Yaelekea dawa ni nzima, ila umeiacha mapema. Steroidi za puani, kama flutikasoni na mometasoni, hupunguza uvimbe kidogo kidogo, na nguvu yake kamili huweza kuchukua hadi wiki mbili. Kwa hiyo anza wiki mbili kabla ya msimu unaokusumbua, kisha puliza kila siku, hata siku pua ilipotulia, mpaka msimu wa chavua (unga laini wa maua ya mimea) upite. Kuipuliza siku za kuzidiwa tu ni kuipoteza bure.

Halafu kuna namna ya kupuliza, na hapa ndipo wengi huharibu. Penga kamasi kwanza. Tikisa chupa. Ikiwa mpya au imekaa bila kutumika, ipulize hewani hadi ukungu utoke sawasawa. Inamisha kichwa mbele kidogo. Tundu la kushoto lipulizie kwa mkono wa kulia, na la kulia kwa mkono wa kushoto, ili ncha ielekee nje, upande wa sikio. Ikielekea kwenye ukuta wa katikati ya pua, ukuta huo hukauka, huchubuka na kutoa damu. Bonyeza huku ukivuta pumzi taratibu. Ukivuta kwa nguvu dawa hupitiliza kooni. Ukisikia ladha yake mdomoni, ujue sehemu kubwa umeimeza.

Vidonge si vibaya. Setirizini au loratadini, miligramu 10 kwa siku kwa mtu mzima, hutuliza chafya na muwasho, lakini kwa pua iliyoziba havifui dafu mbele ya steroidi. Klorofeniramini husinziza, usiinywe ukaendesha gari. Macho yapate matone ya ketotifeni au olopatadini na kitambaa cha maji baridi, na usiyafikiche. Jihadhari na dawa za kuzibua pua papo hapo, kama oksimetazolini: zikizidi siku chache, pua huziba upya na kuziba kuliko mwanzo.

Swali: Nasafisha pua kwa maji ya chumvi lakini yananichoma sana. Nakosea wapi?

Jibu: Kwa kawaida ni kipimo. Maji matupu huchoma, na chumvi ikizidi huchoma pia. Tia nusu kijiko cha chai cha chumvi laini isiyo na madini joto katika mililita 250 za maji. Maji yenyewe yachemke dakika moja kamili (dakika tatu kwa wakazi wa zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari), kisha yapoe hadi yawe vuguvugu. Usitumie maji ya bomba yasiyochemshwa hata yakionekana safi: amiba (kijidudu kisichoonekana kwa macho) aitwaye Naegleria fowleri akiingia puani huweza kufika kwenye ubongo na kuua. Ni nadra, lakini kinga yake ni rahisi, usiipuuze.

Inama juu ya sinki, geuza kichwa upande, pumua kwa mdomo, mimina tundu la juu maji yatokee la chini. Steroidi ifuate dakika 10 hadi 15 baadaye, la sivyo utaiosha. Chupa ioshe na uikaushe kila mara.

Swali: Nimeng'oa maua yote bustanini, bado naugua. Kwa nini?

Jibu: Yapande tena. Maua ya rangi za kuvutia yana chavua nzito, inayonata, ya kubebwa na wadudu. Inayokutesa ni ile nyepesi ya nyasi, miti na magugu, isafirishwayo na upepo kutoka mbali. Siku kavu zenye upepo funga madirisha, shuka zianike ndani, na osha nywele kabla ya kulala ili usilalie chavua.

Ukianza kubanwa kifua au kutoa mlio unapopumua, upimwe pumu kabla ya msimu ujao. Dhoruba ya radi huweza kupasua chavua ya nyasi kuwa chembe ndogo zinazofika ndani ya mapafu. Mjini Melbourne, Australia, Novemba 2016, maelfu walizidiwa kwa jinsi hiyo na watu 10 walifariki. Radi ikikaribia, ingia ndani, funga madirisha, na dawa yako ya pumu iwe mkononi.