Uliza Ujibiwe: Bondi ya Laki Tatu, Nyumbani Tuna Elfu Arobaini

SWALI: Ndugu yangu ameshtakiwa hapa Nakuru. Hakimu kasema "bondi ya shilingi 300,000 na mdhamini mmoja wa kiasi hicho, ama pesa taslimu 100,000." Tumechanga 40,000 tu. Tutatoa wapi laki tatu? Na shamba la mama litauzwa?

JIBU: Laki tatu hazilipwi. Bondi ni ahadi ya kutia sahihi. Pesa hudaiwa tu iwapo ndugu yako atatoroka. Mmepewa njia mbili, chagueni moja.

Ile 100,000 huwekwa mahakamani na hurudishwa kesi ikiisha, bora awe amehudhuria. Anayerudishiwa ni aliyeandikwa kwenye risiti. Basi msimwachie jirani alipe kwa jina lake kwa sababu tu ndiye mwenye simu. Kesi huchukua miaka, na jirani huhama.

Kwa hali yenu, afadhali mama awe mdhamini. Aje na kitambulisho, PIN ya KRA (namba ya mlipa kodi), picha za pasipoti, hati miliki halisi (nakala haikubaliwi), sachi ya ardhi ya majuzi (cheti kinachoonyesha mwenye shamba) na ripoti ya mthamini (ya thamani ya shamba). Ataapishwa na kuulizwa anamjuaje mshtakiwa. Wengi hukwama kwa kuwa hati ingali na jina la marehemu babu, au shamba limewekwa rehani benki. Wanaokodisha hati nje ya mahakama muwaepuke. Hati ikigunduliwa ni bandia, mtakuwa na kesi ya pili.

Hati hubaki mahakamani mpaka mwisho, kwa hiyo mama hawezi kuuza wala kukopea shamba. Ndugu yako akitoroka, mama ataitwa aeleze kwa nini asilipe 300,000. Asipolipa, mali yake yaweza kukamatwa na kuuzwa, na isipotosha, kifungo kisichozidi miezi sita. Mama akianza kumshuku ndugu yako mapema, aende mahakamani kuomba ajiondoe. Ndugu yako atakamatwa, atafute mdhamini mwingine.

Njia zote zikishindikana, ombeni hakimu apunguze masharti. Akikataa, Mahakama Kuu inaweza kuyapunguza.

SWALI: Kwenye kituo cha polisi wanataka 5,000 "ya bondi", na risiti hawatoi.

JIBU: Bondi ya polisi ni bure. Dhamana ya pesa taslimu ipo, lakini ina risiti rasmi na hurudishwa; isiyo na risiti ni hongo. Wakikataa kumwachilia mshukiwa, Kifungu cha 49 cha Katiba kinawataka wamfikishe mahakamani ndani ya saa 24, au siku ya mahakama inayofuata ikiwa saa hizo zimeishia wikendi.