Naandika sana, je naishi?

SWALI: Habari za kazi. Naandika hadithi fupi na mashairi, na kuchora kidogo pia. Mwenzangu kila siku ananilaumu eti wenzangu wanaishi mimi niko bize natafuta maneno, hata msibani nawaza hii nitaiandikaje. Nimeanza kuogopa, isije kuwa sanaa inaninyima maisha yangu mwenyewe?

JIBU: Mwenzio kachanganya vitu viwili, kuandika na kukimbilia kuhifadhi. Mwaka 2014 mtafiti wa Marekani, Linda Henkel, alichapisha majaribio aliyofanya kwenye jumba la makumbusho, watu wakapitishwa mle ndani wakaambiwa vitu vingine mpige picha, vingine mvitazame tu. Kesho yake vile walivyopiga picha nzima ndo walivikumbuka vibaya kuliko vile walivyotazama tu, ila walipoambiwa wavute kamera mpaka kwenye kipande kimoja tu cha kitu, kumbukumbu haikupungua. Kwa hiyo kamera yenyewe haina kosa, kosa ni kubonyeza halafu ukapita.

Sasa kuandika hakukuruhusu kupita hivihivi. Chukua siku baba amepokea simu ya habari mbaya, unakaa uandike, sentensi ya pili tu umekwama: simu aliiweka mezani au aliendelea kuishika? Alikaa, au alibaki kasimama kaegemea mlango? Ulikuwepo na hujui! Hapo ndo unarudi kichwani kutafuta, na ukiwa unatafuta unakuta kitu ambacho siku ile kilikupita kabisa, labda kwamba aliuliza kama umekula, sauti ileile ya kila siku, na ndo kwanza unaelewa alikuwa anakuficha. Tena baada ya hapo hata ukikaa na watu wengine mikono yao utaiona tu, jicho limeshazoea, ndo faida yenyewe hiyo, hata kama ile hadithi utaichana.

Wala usidhani lazima uwe na matukio mengi. Mshairi Abdilatif Abdalla alifungwa Kenya kuanzia 1969 hadi 1972 kwa sababu ya maandishi yake ya kisiasa, na mashairi ya Sauti ya Dhiki aliyatunga humohumo gerezani kwa kuibia, mengine kwenye karatasi za chooni, kitabu kikatoka 1973. Mtu kafungiwa, siku zinafanana, na bado akapata cha kusema (sisi wengine tuko nje tunalalamika hatuna mada).

Ila hiyo ya msibani mi sikutetei. Ukiwa pale, kuwa pale, lia kama kuna kulia, beba viti, daftari litasubiri hata wiki nzima na kinachostahili kubaki kitabaki. Na kama shida ya mwenzio ni kwamba unachomoa daftari yeye akiwa katikati ya kuongea, hapo ana haki kabisa, liweke umsikilize.