Mkono Wangu Wanautaka, Uso Wangu Hawautaki

Umeniandikia kutoka Langoni, Lamu. Una miaka 26 na binti wa miaka sita uliyemzaa nje ya ndoa. Baba yake ana mke, na msikitini hukaa safu ya kwanza. Wewe ni mchora hina na piko. Wenye harusi hukuita usiku kwa mlango wa nyuma, na mchana hawakupi hata mkono. Sasa fundi wa majahazi wa Matondoni anataka kuleta posa, na mama yako anataka mtoto apelekwe Malindi ili huyo fundi asijue.

Mwanangu, kila nikisoma barua yako nakwama hapo pa mlango wa nyuma. Nimekaa nyumba nyingi za harusi. Wanawake huyasifu maua mguuni mwa bibi harusi, wakauliza nani kachora, na mwenye nyumba akajitia hakusikia. Inaniuma sana. Kidole kimoja hakivunji chawa, na mimba haiingii kwa mtu mmoja, lakini yeye anapishwa barazani, wewe unapitishwa uani! Wanaokuhukumu kwa jina la dini waisome Surat An-Nur, aya ya 2: mwanamke na mwanamume wametajwa pamoja. Toba yako ni baina yako na Mola wako. Mtaa haukupewa kazi hiyo.

Mama yako simlaumu, anaogopa usije ukamkosa na huyu. Ila mtoto wa miaka sita hujua anapofichwa. Mwambie huyo fundi kabla wazee hawajaja, tena umwambie wewe mwenyewe, asije akayapata kwa wenzake kazini. Akirudi nyuma, utalia, lakini hutalia ukiwa na talaka mkononi na mtoto uliyemkana.

Na huyo wa safu ya kwanza usimwache hivi hivi. Ibara ya 53 ya Katiba ya Kenya ya 2010 yasema baba na mama wana wajibu sawa wa kumtunza mtoto, wameoana au hawakuoana. Nenda kwa afisa wa watoto na cheti cha kuzaliwa, na uandike yote uliyolipa peke yako: karo, dawa, nguo za Idi. Akikana, mahakama itaamua.

Watakaokuita tena usiku, waambie unachora baada ya sala ya alasiri, na unaingilia mlango wa mbele.