Ukianza kuandika historia ya K2, chora njia kwanza

Anayeanza kuandika historia ya mlima huu hukimbilia orodha ya waliofika kileleni. Iache hiyo kwanza. Chukua karatasi uchore njia, kwa sababu makosa mengi hutokana na mwandishi asiyejua watu walikuwa sehemu gani ya mlima.

K2, mita 8,611, iko mpakani mwa Pakistani na China katika safu ya Karakoram, na wengi huiweka Himalaya kwa mazoea tu. Herufi K ni ya Karakoram: mwaka 1856 mpimaji Montgomerie alivipa namba vilele alivyoviona kwa mbali, na K1 ni Masherbrum.

Njia inayotumika zaidi ni mgongo wa kusini-mashariki, maarufu kama Abruzzi. Weka alama nne: ufa wa House (jina la mpandaji) kwenye mita 6,600 hivi, Piramidi Nyeusi juu yake, Bega karibu na mita 8,000, na Shingo ya Chupa kwenye mita 8,200 hivi, chini ya ukuta wa barafu unaoning'inia. Usidanganywe na jina la njia. Mwanamfalme Luigi Amedeo wa Abruzzi, yule yule aliyefika kilele cha Margherita kule Ruwenzori mwaka 1906, alijaribu K2 mwaka 1909 akarudi akiwa mbali sana na kilele. Kuandika kwamba "Abruzzi alipanda K2" ni kosa.

Vimo navyo vina mtego. Timu ya Wamarekani ya 1938 huandikiwa kwamba ilifika mita 7,925, namba inayoonekana kupimwa kwa makini. Igawe kwa 0.3048 utapata futi 26,000, yaani makadirio ya jumla yaliyogeuzwa kuwa mita. Andika "karibu mita 7,900".

Sehemu inayohitaji uangalifu kuliko zote ni mwaka 1954. Tarehe 31 Julai Achille Compagnoni na Lino Lacedelli, wa msafara wa Italia ulioongozwa na Ardito Desio, walikuwa wa kwanza kukanyaga kilele. Usiku uliotangulia, Walter Bonatti na Amir Mahdi wa Hunza, kaskazini mwa Pakistani, waliwapandishia mitungi ya oksijeni. Hema lilikuwa limesimikwa juu kuliko ilivyokubaliwa, giza likaingia, na wawili hao wakalala nje kwenye mita 8,100 hivi bila hema. Mahdi alikatwa vidole vya miguu. Taarifa rasmi ilisema oksijeni iliisha kabla ya kilele, na baadaye Bonatti akatuhumiwa kuitumia usiku ule. Hapa usianze kupima nani mkweli kwa tabia yake. Uliza vifaa vilikuwa wapi: mitungi ilikuwa kwa Bonatti, lakini barakoa na valvu vilikuwa kwa Compagnoni na Lacedelli hemani, na mtungi bila valvu ni mzigo tu. Tena picha ya kileleni inamwonyesha Compagnoni akiwa amevaa barakoa. Klabu ya Alpini ya Italia, chama cha wapanda milima, ilikuja kukubali maelezo ya Bonatti zaidi ya nusu karne baadaye. Kwa hiyo nakala ya miaka ya 1950 na ya leo zinaweza kupingana. Taja unafuata ipi.

Vifo usivijumlishe kiholela. Waliokufa 1986 ni 13, lakini ni msimu mzima, timu tofauti na sababu tofauti. Dhoruba ya Agosti iliyowanasa watu kambi ya juu iliua watano. Wale 11 wa Agosti 2008 ni tukio moja la siku mbili: barafu iliporomoka kutoka ule ukuta wa juu, ikakata kamba zilizofungwa, na waliokuwa bado juu wakashuka gizani bila kamba. Bila mchoro wako, msomaji hataelewa kwa nini kukatika kwa kamba mahali pale kulikuwa hatari kiasi hicho.

Kupanda majira ya baridi hakuhitaji maelezo marefu: 16 Januari 2021, Wanepali kumi. Ndicho kilele cha mwisho kati ya vilele 14 vya dunia vya zaidi ya mita 8,000 kufikiwa wakati huo wa mwaka.

Majina ya wabeba mizigo ndiyo yanayopotea upesi, na aliyewahi kuwaona wagumu (wapagazi) wa Kilimanjaro anajua msafara husimama juu ya mabega ya nani. Mwaka 1939 Pasang Kikuli, Pasang Kitar na Pintso walipanda kumwokoa Dudley Wolfe, na wote wanne hawakurudi. Majina ya Masherpa (watu wa milimani Nepali, kama hao waokoaji watatu) huandikwa kwa tahajia kadhaa. Huyu wa tatu utamkuta pia kama Phinsoo. Weka zote mbili kwenye daftari lako, kisha tumia moja tu ndani ya makala, la sivyo msomaji atahesabu waokoaji wanne pale walipokuwa watatu.