Maswali ya Wasomaji: Je, Mwanga Mwekundu Unaweza Kung'oa Elektroni za Argoni?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa fizikia katika shule ya upili karibu na Njoro, Kaunti ya Nakuru. Huwafundisha wanafunzi wa kidato cha nne kwamba mwanga ulio chini ya marudio ya kizingiti hauwezi kung'oa elektroni hata ukiongezwa ukali namna gani. Muhula huu mwanafunzi mmoja alisema amesoma kwamba leza ya mwanga mwekundu huzigeuza atomu za gesi ya argoni kuwa ioni, yaani atomu zilizopoteza elektroni, na kuvivunjavunja vishada vyake, yaani mafungu ya atomu zilizonatana. Nani aliye sahihi, kitabu au mwanafunzi?

JIBU: Mwalimu, kitabu ni sahihi kwa mwanga kinaouzungumzia, na mwanafunzi wako ni sahihi kwa mwanga ambao hakuna taa wala jua liwezalo kuutoa. Kanuni hiyo, aliyoieleza Albert Einstein mwaka 1905, imesimama juu ya sharti ambalo vitabu vya shule hulipita kimya: kwamba elektroni humeza fotoni moja tu, yaani chembe moja ya mwanga, kwa wakati mmoja. Katika mwanga wa kawaida hali huwa hivyo, kwa kuwa fotoni huja zikiwa zimeachana mno. Lakini mwaka 1931 Maria Göppert-Mayer, katika tasnifu yake ya udaktari huko Göttingen, alionyesha kwa hesabu kwamba atomu inaweza kumeza fotoni mbili kwa mpigo. Ilibidi kuingoja leza, ambayo Theodore Maiman aliiwasha kwa mara ya kwanza mwaka 1960, ndipo jambo hilo lionekane maabarani.

Tuichukue argoni yenyewe. Kuing'oa elektroni yake ya nje kunahitaji nishati ya elektronivolti 15.76 (kipimo cha nishati ndogo za atomu). Leza zinazotumiwa sana katika majaribio haya, zile za fuwele ya yakuti iliyotiwa titani, hutoa mwanga wenye urefu wa wimbi wa nanomita 800 hivi, nje kidogo ya wekundu tunaouona kwa macho, na kila fotoni yake ina elektronivolti 1.55 tu. Zinahitajika basi fotoni 11 kwa pamoja. Mwanga ukizidi kukolezwa, hata kuhesabu fotoni hakutoshi tena, kwa sababu uga wa umeme wa wimbi lenyewe huwa mkali kiasi cha kushindana na mvuto wa kiini, ukauinamisha ukuta unaoizuia elektroni, nayo ikapenya. Kwa argoni ukuta huo hulala kabisa mwanga unapofikia takribani wati trilioni 250 kwa kila sentimita mraba. Jua la saa sita mchana hapo Njoro hutoa kama wati 0.1 kwa eneo hilohilo.

Ukali huo hautokani na wingi wa nishati, bali na ufupi wa muda. Milijuli 10, ambazo zinatosha kuinua uzito wa kilo moja kwa milimita moja tu, zikitolewa ndani ya femtosekunde 100, yaani sehemu moja ya trilioni kumi ya sekunde, huwa wati bilioni 100. Njia ya kuikuza mipigo mifupi bila kuiharibu leza yenyewe, kwa kuinyoosha, kuikuza, kisha kuibana, ilibuniwa na Donna Strickland na Gérard Mourou katika Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, mwaka 1985.

Hadi hapo tumezungumzia atomu iliyo peke yake, ambayo hupoteza elektroni chache na mambo yakaishia hapo. Kishada ni habari nyingine. Watafiti huibana argoni kwa shinikizo la makumi ya angahewa, kisha huipitisha kwenye tundu jembamba hadi ndani ya ombwe. Gesi inapotanuka ghafla hupoa sana, na atomu hunatana kwa mvuto dhaifu wa van der Waals, zikafanya matone ya atomu mamia au maelfu, yenye upana wa nanomita chache. Ndani ya tone atomu zimesongamana karibu sawa na katika kitu kigumu, ilhali kati ya tone na tone pana nafasi kubwa.

Leza inapokipiga kishada, elektroni za mwanzo hutoka nje kabisa na kuacha chaji chanya. Chaji hiyo ikishalimbikizana, elektroni zinazofuata, ingawa zimekwisha kuachana na atomu zao, hushindwa kukitoroka kishada kizima. Wanafizikia huzitenganisha hatua hizi mbili, uionishaji wa ndani, elektroni inapoachana na atomu yake, na uionishaji wa nje, inapokitoroka kishada, nami naona bila kuzitenganisha yanayofuata hayaeleweki. Elektroni zilizonaswa husukwasukwa na uga wa leza, hugongana na ioni, na kwa migongano hiyo huzidi kuchuma nishati. Zikishapata joto la kutosha, huzigonga atomu nyingine na kuzing'oa elektroni ambazo leza peke yake isingezifikia. Kishada sasa ni plazma, yaani mchanganyiko wa ioni na elektroni zilizo huru. Kinaanza kutanuka kwa sababu ioni zote ni chanya na zinasukumana, na kwa sababu elektroni zenye joto nazo zinasukuma kutoka ndani. Msongamano wa elektroni hushuka, hadi kwa kitambo kifupi mayumbo yao ya asili yakalingana na marudio ya leza, na hapo kishada hufyonza nishati kwa pupa. Ndiyo sababu mpigo mfupi kuliko yote si lazima uwe ndio unaovunja zaidi: kishada kikubwa kinahitaji muda wa kutanuka hadi kufikia mlingano huo, huku leza ikiwa bado inakimulika.

Kipande cha chuma kikipigwa hivyo, joto hukimbilia ndani yake. Kishada hakina pa kulipeleka. Mwaka 1997 kundi la Todd Ditmire katika Imperial College, London, lilitangaza kwamba vishada vya zenoni vilirusha ioni zenye nishati ya hadi elektronivolti milioni 1, nyingine zikiwa zimepoteza elektroni zipatazo 40. Miaka miwili baadaye, huko Livermore, California, vishada vya deuteri, yaani hidrojeni nzito, vilirushiana viini kwa kasi iliyoviunganisha na kutoa nyutroni zipatazo 10,000 kwa mpigo mmoja, ingawa nishati iliyopatikana haikufikia hata sehemu moja ya milioni ya ile ya leza.

Kwa hiyo kanuni ibaki, Mwalimu, ila iambatane na sharti lake, na ningefurahi kama mwanafunzi huyo angepewa nafasi ya kulieleza mbele ya wenzake.

SWALI: Mimi ni fundi wa kuchomelea aluminiamu mjini Kisumu, na ninatumia mtungi wa argoni. Je, ndani ya mtungi kuna vishada hivyo? Na moto wa kuchomelea hufanya kazi kama leza?

JIBU: Gesi ni ileile, Fundi, lakini katika joto la kawaida atomu za mtungini huenda kasi mno kwa mvuto wao dhaifu kuzishikilia, zikinatana, huachana papo hapo. Moto wako nao huigeuza argoni kuwa plazma, ila kwa njia ya umeme: elektroni zinazoharakishwa kati ya ncha na bati huzigonga atomu, kama zifanyavyo ndani ya kishada kilichokwisha kupata joto. Tofauti ni kwamba katika moto wako atomu iliyoionishwa kwa kawaida hupoteza elektroni moja tu, na ule mwanga mkali unaojikinga nao kwa kioo cheusi ni matokeo ya uionishaji huo, si chanzo chake.