Klasi ndani ya klasi: maswali yenu

Nimeandika klasi `Ukurasa` ndani ya `Kitabu` kwa Java. Nikiita `new Ukurasa()` kwenye `main`, kompaila (programu inayotafsiri msimbo) inagoma na kunitajia `this` na `static`. Nimekosea wapi?

Si mabano wala tahajia, usihangaike nayo. Katika Java, klasi ya ndani isiyo na `static` haizai objekti (kitu kinachoundwa kutokana na klasi) hivi hivi. Kila ukurasa sharti uwe wa kitabu fulani. `main` ni `static`, haimo katika objekti yoyote, ndiyo maana kompaila inakwama: ukurasa wa kitabu kipi? Unda kitabu kwanza:

```
Kitabu k = new Kitabu();
Kitabu.Ukurasa u = k.new Ukurasa();
```

Hiyo `k.new` inafanana na kosa la uchapaji, najua. Nilipoiona mara ya kwanza niliifuta.

Lakini kama ukurasa wako hausomi chochote cha kitabu, andika `static class Ukurasa`, na ile `new Ukurasa()` yako itapita. Binafsi huanza na `static`, naiondoa nikibanwa tu. Bila hiyo, ukurasa kwa kawaida hubeba rejeo la kitabu chake, na kitabu kizima hung'ang'ania kwenye kumbukumbu kwa ajili ya ukurasa mmoja unaotumika.

Klasi zote mbili zina kigeu `namba`. Nikiandika `namba` nikiwa ndani, napata ipi?

Ya ndani. Ya nje iite `Kitabu.this.namba`.

Python inadai `Ukurasa` hauna `jina`, ilhali `Kitabu` kinalo. Mbona Java ilikubali?

Python haiunganishi objekti hizo hata kidogo. Umeamua tu klasi ikae wapi. `self` ndani ya `Ukurasa` ni ukurasa wenyewe, hauna habari na kitabu. Kwa hiyo ukabidhi kitabu chake unapoundwa:

```
class Ukurasa:
    def __init__(self, kitabu):
        self.kitabu = kitabu
```

Kisha soma `self.kitabu.jina`. Ukihamia Kotlin kutoka Java, kibao kinageuka: usiposema lolote hakuna uhusiano, ukiutaka unaandika `inner`.

Nimekuta faili `Kitabu$Ukurasa.class` ambayo sikuiandika. Ni kirusi?

Hapana. Java ikikompaili, kila klasi hupata faili yake, hata iliyofichwa ndani ya nyingine. Alama ya dola inatenganisha majina. Ukiifuta, programu itaanguka pale itakapouhitaji ukurasa. Kama umeshaifuta, kompaili upya, itarudi.