Neno "mashitaka" lilipozibwa: kwa mkutubi mpya wa shule Marekani

Mdogo wangu unayeanza kazi ya maktaba ya shule huku Marekani, wiki ya kwanza usianzie kwenye rafu. Mwombe mwanafunzi aingie kwenye kompyuta kwa akaunti yake, ukae kando yake, mtafute pamoja anachosoma darasani. Shule huwa na chujio, yaani programu inayozuia baadhi ya tovuti na maneno ya kutafutia, na akaunti yako ya mtumishi hufunguliwa mengi. Ukipima kwa hiyo utadhani mambo shwari.

Mimi nilichelewa kulijua hilo. Kijana mmoja kutoka Ituri, mashariki mwa Kongo, alikuwa akiandika insha juu ya Thomas Lubanga, yule aliyetiwa hatiani The Hague mwaka 2012 kwa kuwaingiza watoto vitani. Kiingereza chake bado kilikuwa kichanga, akatafuta kwa Kiswahili: "mashitaka ya Lubanga". Skrini ikamletea onyo la lugha chafu. Akafunga kompyuta, akatoka. Habari nilizipata kesho yake kwa rafiki yake. Alidhani ameshatenda kosa, na kwa mtoto mkimbizi onyo lenye nembo ya shule si jambo dogo. Kumbe chujio lilikuwa limeokota herufi nne za tusi la Kiingereza katikati ya neno letu. Nikajaribu "saratani ya matiti". Nayo ikagoma. Kasoro hii ni ya zamani: mwaka 1996 kampuni ya AOL iliwakatalia wakazi wa Scunthorpe, Uingereza, kufungua akaunti kwa sababu ya herufi zilizomo ndani ya jina la mji wao.

Ukilalamika utaambiwa sheria ndiyo inataka. Isome. Inaitwa CIPA, ilitiwa saini Desemba 2000, na inazibana shule zinazopokea punguzo la serikali kwenye gharama za intaneti. Inachodai kizibwe ni picha: za ngono chafu, za watoto wakidhalilishwa kingono, na zile zenye madhara kwa watoto. Maneno haikuyagusa. Mengine yanayozibwa, habari za vita zikiwemo, yamechaguliwa na mtu wilayani aliyetia vema kwenye orodha ya muuza programu. Mfahamu mtu huyo kabla hujamhitaji.

Tena chujio huweza kuegemea upande. Mwaka 2012 mahakama ya shirikisho Missouri iliiamuru wilaya moja ya shule iache kutumia chujio lililozuia tovuti zinazowatetea mashoga huku likiziachia zinazowapinga. Una msimamo wako juu ya hilo, najua, wengi wetu tunao. Lakini mwanafunzi aliyeonyeshwa upande mmoja hajaisoma mada.

Weka daftari mezani. Andika tarehe, anwani ya tovuti, somo, na siku zilizopita hadi ikafunguliwa. Jina la mwanafunzi usiandike, wala usimuulize mbele ya wenzake "unaitafutia nini hiyo?" Wapo wanaotafuta habari za ujauzito, au za kipigo cha nyumbani. Hatakujibu, ataondoka tu, na hatarudi.

Nililalamika kwa mdomo mwaka mzima, hakuna aliyesikia. Kurasa sita za daftari nilizompelekea mkuu wa shule zilisomwa siku hiyohiyo. Ombi la kufungua tovuti lililokuwa likikaa wiki mbili sasa hujibiwa kesho yake, na "mashitaka" linapita. "Matiti" bado nalipigania.